Wiski ya Ayalandi ndani ya Manhattan

Vijana ninaowafundisha kazi ya kaunta hapa Mombasa wakitaka kubuni kokteli yao ya Manhattan, kwanza huondoa wiski ya rai ya Marekani na kutia ya Ayalandi. Kinywaji hicho kipo tangu zamani na kinaitwa Emerald. Si kibaya, ila kina upungufu: rai ina ukali kama wa pilipili, unaohimili utamu wa vermuthi, ilhali wiski ya Ayalandi iliyojaa kwenye baa zetu ni laini, na vermuthi huimeza.

Wakongwe wa kazi hii hawakuishia hapo. Harry Johnson, katika mwongozo wake wa mwaka 1900, aliandika Blackthorn: nusu wiski ya Ayalandi, nusu vermuthi kavu ya Ufaransa, na matone machache ya bitasi na absinthi. Utamu umeondoka, wiski inasikika. Kisha Hugo Ensslin, aliyekuwa mhudumu mkuu wa baa ya Hotel Wallick, New York, akachapa Tipperary katika kitabu chake cha 1917: wiski, vermuthi tamu na Chartreuse, theluthi kwa theluthi. Chartreuse hutengenezwa na watawa wa Ufaransa kwa mimea 130, na ile ya kijani ina kilevi asilimia 55. Ukiipa theluthi nzima, wenzake wote hunyamaza.

Lakini wiski yenyewe nayo imepitia mengi. Viwanda vikubwa vya Dublin vilikeneka mara tatu, kwenye mitungi mikubwa ya shaba, mchanganyiko wa kimea na shayiri mbichi. Shayiri mbichi ilipunguza mzigo wa kodi ya kimea, na ikaacha kinywani mafuta na viungo ambavyo kimea peke yake hakitoi. Mwaka 1830 Aeneas Coffey, aliyewahi kuwa ofisa wa ushuru, alipata hataza ya mtambo wa mnara uliotoa pombe nyepesi bila kusimama. Wazalishaji wanne wa Dublin, John Jameson na George Roe wakiwamo, waliukataa, na mwaka 1878 wakatoa kitabu Truths About Whisky kuipinga pombe hiyo. Nawaheshimu kwa msimamo ule, ingawa soko liliwapa kisogo na kuifuata wiski ya Uskoti iliyochanganywa na pombe hiyo nyepesi.

Mapigo yakaendelea: Marekani ikapiga marufuku pombe kuanzia 1920 hadi 1933. Kabla marufuku haijaisha, Ayalandi ikaingia kwenye vita vya ushuru na Uingereza. Mwaka 1966 Jameson na Power, wote wa Dublin, waliungana na wenzao wa Cork ili wasizame. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 kisiwa kizima kilibaki na viwanda viwili, Midleton na Bushmills, na chupa zilizouzwa nje zilikuwa hasa za wiski nyepesi ya kuchanganywa. Ndiyo hiyo vijana wangu wanayoijua.

Ile ya mitungi ya shaba haikufa. Redbreast na Green Spot zinatoka Midleton, nazo zina ubavu wa kusimama mbele ya vermuthi. Basi kijana, kabla hujaongeza sharubati wala matunda, ionje wiski yako kavu. Kisha itengeneze Tipperary hivi: pima mililita 45 za wiski ya mitungi ya shaba, 30 za vermuthi tamu, 15 tu za Chartreuse ya kijani. Koroga na barafu, usitikise.