Mkanda wa taimingi: Kuubadilisha na kuuseti katika Hiace za dizeli

Gari likifia upande wa pili wa mpaka, gharama si ya fundi peke yake. Siku za kibali cha muda cha gari zinaendelea kuhesabiwa, na nyanya hazisubiri spea. Katika Toyota Hiace za dizeli zenye injini za 2L, 3L na 5L, moja ya sababu za hasara hiyo ni mkanda wa taimingi uliopitiliza muda wake.

Mkanda huo wa mpira wenye meno huunganisha krankishafti, kemshafti na pampu ya dizeli ili vizunguke kwa mpangilio mmoja. Ukikatika, pistoni huendelea kupanda huku baadhi ya valvu zikiwa wazi, zikagongana. Kazi ya kubadilisha mkanda inageuka kuwa ya kufungua silinda hedi.

Kwa kawaida mkanda hubadilishwa kila kilomita 100,000, na taa ya T-BELT kwenye dashibodi huwaka umbali huo ukitimia. Lakini taa hiyo huhesabu kilomita tu, haiuoni mkanda. Kwa gari lililonunuliwa likiwa limetumika, ambalo huenda mita yake ilibadilishwa, si ya kutegemea. Pasipo kumbukumbu za matengenezo, kubadilisha mara moja ni nafuu kuliko kubahatisha. Mkanda wenye nyufa, meno yaliyolika au uliolowa oili uondolewe hata kama kilomita hazijafika.

Kazi huanza kwa kuchomoa waya wa betri. Injini huzungushwa kwa spana hadi pistoni ya silinda namba moja ifike juu kabisa, valvu zake zikiwa zimefungwa. Hapo alama za puli tatu, yaani ya kranki, ya kemshafti na ya pampu, zinapaswa kukaa mkabala na alama zilizo kwenye injini. Mkanda ukishavuliwa, puli zisizungushwe ovyo. Sili zinazovuja na beringi ya kukazia mkanda zibadilishwe papo hapo, maana oili ikivuja itauharibu mkanda mpya.

Mkanda mpya haukunjwi wala kulazimishwa kwa bisibisi. Ukishavishwa na springi ikaukaza, injini huzungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili ya kranki, kwa kuwa kemshafti na pampu huzunguka mara moja kwa kila mizunguko hiyo miwili. Alama zote tatu zikirudi mahali pake, bolti ya beringi hukazwa. Ikiwa hata moja imepishana, mkanda uvuliwe na kuvishwa upya. Kosa la jino moja kwenye pampu laweza kuifanya injini igonge, itoe moshi au ikose nguvu mlimani.

Baadaye taa ya T-BELT huzimwa na kilomita huandikwa kwenye daftari la gari. Ikizimwa bila mkanda kubadilishwa, mnunuzi anayefuata hawezi kulijua hilo kwa kutazama dashibodi.