UZI: Elfu mbili ya wazee ilitoka wapi, na ni swali gani hatuulizi

Kila msimu wa siasa lazima hii ije. Mmoja jukwaani anaahidi kuongeza pesa za wazee, mwingine anajibu ati hata hizo zilizoko hazifiki kwa wakati. Tunapiga makofi, tunaenda nyumbani. Hakuna anayeuliza mzee mwenyewe anakosa nini. Wacha nirudi nyuma kidogo.

Wakati wa ukoloni, Mwafrika aliyefanya kazi mjini alihesabiwa kama mpita njia. Mshahara ulipimwa kwa mwanamume asiye na familia, na akizeeka alitarajiwa arudi rizavu, shamba na watoto wamtunze. (Hizo rizavu zenyewe zilikuwa zimeshabanwa, lakini hiyo ni uzi nyingine.) Mwaka wa 1954, Kamati ya Carpenter iliyochunguza mishahara ya Waafrika ilikiri kwamba mtu hawezi kuachana na rizavu kama hana mshahara wa kulisha familia, nyumba, na usalama wa uzeeni.

Tukapata uhuru. NSSF ikaanzishwa 1965, lakini kwa miaka mingi ilihusu tu wenye kuajiriwa, na ukistaafu ulipewa pesa zako mara moja, si kila mwezi. Mkulima mdogo, mama wa soko, mchuma kahawa wa kibarua? Hao tuliwaachia lile wazo la mkoloni: watoto watawatunza.

Halafu UKIMWI ukachukua watoto wenyewe. Nyanya wakajikuta wanalea wajukuu wakiwa na miaka sabini.

Ndipo 2006 serikali ikajaribu kuwapa wazee maskini pesa, kaya 300 tu, katika wilaya za Thika, Busia na Nyando. Mpango ukakua, na 2018 wenye miaka 70 na zaidi wakaanza kulipwa bila kupimwa umaskini, 2,000 kwa mwezi. Hapo katikati tulipata Katiba ya 2010. Kifungu cha 57 kinasema mzee ana haki ya kupata matunzo na usaidizi kutoka kwa familia yake NA serikali. Na kinasema matunzo, hakisemi pesa peke yake.

Sasa mje kwetu, upande huo huo wa Thika. Shosho wangu aliingia kwa mpango 2018. Siku ya malipo anapanda boda hadi kwa ajenti, anaweka kidole kwa mashine, mashine inakataa. Anajaribu kingine, inakataa. Vidole vimelika na jembe na kahawa, alama hazisomeki. Kuna siku tulirudi mara mbili, nauli ikatoka kwa hiyo hiyo elfu mbili.

Na hiyo si shida yake kubwa. Ana presha, na macho yamefifia. Alikuwa anachanganya dawa za asubuhi na za jioni. Kilichomsaidia ni mhudumu wa afya ya jamii, mama wa hapo kijijini, aliyekuja na mashine ya kupima presha, akaona namba ziko juu, akauliza maswali, mwishowe akafunga uzi mwekundu kwa mkebe wa jioni. Basi.

Jirani yetu mzee mmoja ni tofauti kabisa. Anatembea vizuri, dawa zake anazijua, lakini jioni nyingine hana unga. Kwake hizo pesa ndizo dawa. Wazee wawili, ua mmoja katikati, na aliyewaandikisha aliwaona sawa kwa sababu fomu iliuliza umri na kitambulisho. Kuhusu macho ya shosho haikuuliza.

Kikatiba, zahanati na afya ya msingi ziko kwa kaunti. Pesa za wazee ziko kwa serikali kuu. Wale wahudumu wa jamii, karibu 100,000 waliopewa vifaa 2023, wanafika mlangoni mwa mzee. Kwa maoni yangu hao ndio wangeandika nani anahitaji unga, nani macho, nani mtu wa kumchukulia pesa, na orodha hiyo ifike pande zote mbili. Lakini posho yao ni 5,000 kwa mwezi, na hiyo sijasikia mtu akiipigania jukwaani kama anavyopigania ile elfu mbili.

Kesho ni zamu yangu ya kumpeleka shosho kwa ajenti. Wekeni maswali hapa chini, nitajibu tukirudi.