Uratibu wa huduma kwa watoto wenye mahitaji changamano ya kiafya

Uratibu wa huduma kwa watoto wenye mahitaji changamano ya kiafya ni utaratibu wa kuunganisha kazi za hospitali, shule, ofisi za ustawi wa jamii, mifuko ya bima na mashirika ya hiari ili mtoto mwenye matatizo mazito ya muda mrefu ahudumiwe kwa mpango mmoja. Lengo lake ni kuzuia hitaji la mtoto lisiachwe kwa sababu kila idara inadhani ni kazi ya idara nyingine.

## Maana

Mnamo mwaka 2011 kundi la madaktari wa watoto likiongozwa na Eyal Cohen wa Toronto, Kanada, lilitaja mambo 4 yanayowatambulisha watoto hao: ugonjwa sugu ulio mzito, upungufu mkubwa wa uwezo wa mwili, mahitaji mengi yanayoielemea familia, na kutumia huduma za afya mara kwa mara. Wengine huishi kwa kutegemea vifaa kama mrija wa kulishia au mashine ya kupumulia. Mifano ni watoto wenye mtindio mkali wa ubongo pamoja na kifafa, wenye mgongo wazi, na wenye baadhi ya magonjwa ya kurithi.

Watoto hao ni wachache, lakini hulazwa mara nyingi kuliko wengine na huhudumiwa na wataalamu wengi kwa wakati mmoja.

## Historia

Nchini Marekani, chama cha madaktari wa watoto kilianza mwaka 1967 kuzungumzia "nyumba ya tiba". Mwanzoni maana yake ilikuwa mahali pamoja panapotunza kumbukumbu zote za matibabu ya mtoto. Baadaye ilipanuka na kuhusu pia daktari anayeongoza huduma zote akishirikiana na familia.

Suala hilo lilijulikana zaidi kupitia Katie Beckett, aliyezaliwa mwaka 1978 katika jimbo la Iowa. Akiwa na miezi 5 aliugua uvimbe wa ubongo, akapooza na kuhitaji mashine ya kupumulia. Bima ya umma ya Medicaid ilimlipia akiwa hospitalini, lakini akirudi nyumbani kipato cha wazazi wake kingehesabiwa naye angepoteza haki hiyo. Kwa hiyo aliendelea kuishi wodini ingawa madaktari walikubali kwamba angeweza kutunzwa nyumbani. Mnamo Novemba 1981 rais Ronald Reagan alimtaja hadharani akisema kwamba gharama za nyumbani zingekuwa takriban moja ya sita ya zile za hospitali. Katie aliruhusiwa kurudi nyumbani, na mwaka 1982 sheria iliziwezesha serikali za majimbo kuwalipia watoto wa namna hiyo wakiwa nyumbani. Alifariki mwaka 2012 akiwa na umri wa miaka 34.

Huko Uingereza (England), sheria ya watoto na familia ya mwaka 2014 ilianzisha mpango mmoja wa elimu, afya na huduma za jamii kwa mtoto au kijana hadi umri wa miaka 25. Halmashauri inatakiwa kukamilisha mpango huo ndani ya wiki 20 tangu ombi lipokelewe.

## Utekelezaji

Kwa kawaida uratibu huwa na sehemu zifuatazo:

* Mratibu mmoja, kama vile muuguzi au afisa ustawi wa jamii, ambaye familia inamjua kwa jina na kwa simu.
* Mpango wa maandishi unaoonyesha dawa, vifaa, dalili za hatari na nani anawajibika kwa kila jambo.
* Kumbukumbu zinazosafiri na mtoto, ili daktari asiyemfahamu aweze kumsaidia usiku wa dharura.
* Maandalizi ya utu uzima, kwa sababu kliniki za watoto humwacha kijana anapofikia umri fulani.

## Mfano: mgongo wazi na kichwa kikubwa

Katika Afrika Mashariki haja ya uratibu inaonekana wazi kwa watoto waliozaliwa na mgongo wazi. Inafaa wafanyiwe upasuaji katika siku za kwanza za maisha, kwa hiyo mkunga wa zahanati anapaswa kujua mapema wapi pa kuwapeleka. Wengi wao hupata pia tatizo la maji kujaa kichwani na kuwekewa mrija wa kuyapunguza. Mrija ukiziba, mtoto huumwa kichwa, hutapika na kusinzia. Asipofikishwa haraka kwa mpasuaji anaweza kufa au kupata madhara ya kudumu.

Huko Mbale, Uganda, hospitali ya watoto ya CURE ilifunguliwa mwaka 2001. Daktari Mmarekani Benjamin Warf alitambua kwamba mrija ni hatari kwa mtoto anayeishi mbali na hospitali. Aliunganisha njia mbili: kutoboa tundu ndani ya ubongo ili maji yapite, na kuunguza tishu zinazoyatengeneza. Hivyo watoto wengi hawahitaji mrija.

Baada ya upasuaji kazi huhamia nyumbani. Watoto wengi wenye mgongo wazi hawawezi kutoa mkojo wote, hivyo mzazi hufundishwa kuutoa kwa katheta mara kadhaa kwa siku. Kazi hiyo isipofanyika, figo huharibika polepole bila maumivu. Mtoto akianza shule, lazima awepo mtu wa kumsaidia na choo kisafi. La sivyo mama hukaa shuleni kutwa, au mtoto hubaki nyumbani.

## Changamoto

Huduma hizo mara nyingi ziko chini ya mamlaka tofauti. Nchini Tanzania zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya husimamiwa na halmashauri chini ya TAMISEMI, wakati hospitali za rufaa ziko chini ya Wizara ya Afya. Nchini Kenya hospitali nyingi ziko chini ya serikali za kaunti, lakini shule za msingi ziko chini ya serikali kuu.

Pasipo mratibu, kazi hiyo humwangukia mzazi, hasa mama. Ndiye anayebeba daftari la kliniki, anayekumbuka dawa na anayeeleza historia ileile kwa kila mtaalamu. Uratibu hauondoi ugonjwa, wala hauzibi pengo la huduma ambayo haipo kabisa. Manufaa yake ni kwamba huduma iliyopo inamfikia mtoto kwa wakati.

## Tazama pia

* Mgongo wazi
* Mtindio wa ubongo
* Ustawi wa jamii
* Elimu jumuishi