Moto Huzaa Majivu

Wahenga walinena kwamba moto huzaa majivu, nao walimkusudia mzazi hodari aliyepata mtoto goigoi. Sisi walimu tumezoea kuifundisha methali hii pasipo kuuliza: je, majivu hayana kazi? Historia ya jiko la kuni la nchi za baridi yatupa jibu.

Jiko hilo ni la chuma, lina dohani, nalo huwekwa chumbani ili kuitia nyumba joto. Benjamin Franklin alipochapisha kijitabu juu ya meko yake ya chuma mwaka 1744, huko Pennsylvania, Marekani, meko hayo yalikuwa wazi upande wa mbele, kwani watu walipenda kuuona moto. Lakini moto ulio wazi hula kuni nyingi, na joto jingi hukimbilia dohanini. Kwa hiyo katika karne ya 19 mafundi waliufunga mlango, wakautia vidirisha vya ulanga. Ulanga ni jiwe lichambukalo matabaka membamba kama karatasi, nao huvumilia moto. Jiwe hilo si geni kwetu. Lilichimbwa katika milima ya Uluguru, Tanzania, tangu enzi za Wajerumani. Walakini vidirisha vyake hufifia na kubanduka.

Kioo cha kawaida nacho hupasuka kwa joto. Mwaka 1953, mjini Corning, jimbo la New York, mtaalamu S. Donald Stookey alikitia kipande cha kioo tanurini, akikusudia joto la digrii 600. Tanuri likaharibika, joto likafika 900. Alipokuwa akikitoa, kipande kilimponyoka kikaanguka sakafuni, wala hakikuvunjika. Kutokana na ajali hiyo vikazaliwa vioo vya namna mpya, na vile vyenye kupenya nuru vikaja kutiwa katika milango ya majiko. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, watu wengi wa Ulaya na Marekani walirudia kuni.

Hata hivyo kioo hicho kina adui wake. Kuni zikiwa mbichi, au hewa ikiwa haba, moshi huganda juu yake kama lami nyeusi. Dawa yake haiko mbali. Jiko likiisha kupoa kabisa, karatasi ya gazeti huloweshwa kidogo, ikachovywa katika majivu laini yasiyo na changarawe, kioo kikasuguliwa, kisha kikapanguswa. Majivu yana chumvi iliyo jamaa ya magadi. Ikikutana na maji hulegeza uchafu ule. Ndiyo hekima ya mama zetu wasuguao masufuria kwa majivu.

Basi tuifundishapo methali hii, tusiwe wepesi kumwita mwanafunzi majivu. Mtoto tuliyemdhania goigoi ndiye amwoshaye mzazi wake uso, moto ukaonekana tena.