Neno «boyi»: lilitoka wapi, limefika wapi

Siku moja, katika mwaka wa tatu wa sekondari, nilimwambia mwanafunzi apanguse ubao. Akanung'unika, akifikiri sisikii: «Mimi hapana boyi yake!» Wenzake wakacheka. Tulikuwa katika somo la Kiingereza, na kitabu mbele yetu kilisema wazi kwamba boy ni mtoto mwanaume. Sasa tusi limetoka wapi? Hapo njo nilianza kuchunguza.

Kusema kweli, Wabelgiji hawakulibuni. Wataalamu wa lugha wanaeleza kwamba katika Kiingereza cha karne ya 13 neno hilo lilimtaja kwanza mtumishi, mtu wa chini. Maana ya mtoto mwanaume ilikuja baadaye. Waingereza walilipeleka Asia na Afrika, Wafaransa wakaliazima na kulitumia hata Indochina, na huku kwetu wakoloni wakalishika. Kumbe sisi tulipewa ile maana kongwe!

Boyi wa zamani ya Wabelgiji hakuwa mtoto. Alikuwa baba ya watu: alipika, alifua, alipiga pasi, na jioni alirudi kwa bibi yake. Hata akiwa na mvi aliitwa boy, tena aliambiwa «tu», si «vous». Lumumba alikumbusha jambo hilo la «tu» mbele ya mfalme Baudouin, tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 1960. Kule Marekani pia watu weusi wazima waliitwa boy. Njo maana mwaka 1968, wazoa takataka wa Memphis walipogoma, mabango yao yalisema tu kwamba wao ni wanaume. Na Ferdinand Oyono wa Kamerun alikuwa ametoa kitabu chake Une vie de boy tangu mwaka 1956.

Wakoloni walienda, neno likabaki, hata likazaa. Nyuma ya nyumba zao kulikuwa boyeri, vile vyumba vidogo vya watumishi. Leo vinapangishwa, mimi mwenyewe nilikaa mule wakati nilisoma ISP, na kodi nililipa kila mwezi kama bwana mkubwa. Mtumishi mwanamke akaitwa boyesi: mwambie Mwingereza neno hilo, uone kama ataelewa! Halafu kuna boyi-shofere, kijana anayepakia mizigo na kukimbia kuweka kipande cha mti nyuma ya gurudumu, lori likikwama katika matope ya njia ya Mambasa. Yeye hana haya na jina lake. Leo anaosha gari, kesho atashika usukani, na shofere wake naye alianza vilevile.

Kwangu, msichana anayetusaidia kazi za nyumba tunamwita kwa jina lake. Lakini jirani akipita kuuliza nani yuko, watoto wanajibu mbio: «Ni boyesi peke yake.» Nimewakataza mara mingi. Mama yao anacheka, ananiuliza: basi waseme neno gani? Bado ninatafuta.