Slaidi bila negativu: jinsi filamu nyeusi na nyeupe inavyogeuzwa

Kama umewahi kushika negativu, unajua ilivyo: shati jeupe limekuwa jeusi, nywele nyeusi zimekuwa nyeupe. Mpaka uichape kwenye karatasi ndipo mambo yanakaa sawa. Sasa swali: je, picha inaweza kurudi sawa kwenye filamu ile ile iliyokuwa ndani ya kamera? Inaweza, na watu wamefanya hivyo majumbani mwao kwa zaidi ya miaka 100.

Siri ni hii. Filamu imepakwa chembe za bromidi ya fedha. Zile zilizopigwa na mwanga, dawa ya kusafishia huzigeuza kuwa fedha nyeusi. Zisizopata mwanga, katika usafishaji wa kawaida, huyeyushwa na kutupwa. Lakini hebu zifikirie hizo za kutupwa: ni nyingi palipokuwa na kivuli, chache palipokuwa na mwanga. Kumbe picha sahihi ilikuwepo muda wote, imejificha nyuma ya negativu!

Basi unaitoa hivi. Kwanza unasafisha filamu gizani. Pili, unaiondoa ile fedha nyeusi kwa pamanganeti ya potasiamu yenye asidi ya salfa, halafu unaosha madoa ya kahawia kwa salfaiti. Tatu, unawasha taa ili chembe zilizobaki nazo zipate mwanga. Nne, unasafisha tena. Ukimaliza, una slaidi.

Viazi vya akina Lumière

Mwaka 1907 ndugu Auguste na Louis Lumière wa Ufaransa walianza kuuza Autochrome, vioo vya kupigia picha za rangi. Kila kioo kilikuwa na vumbi la wanga wa viazi lililotiwa rangi ya machungwa, kijani na zambarau, na juu yake tabaka la kawaida la nyeusi na nyeupe. Bila kugeuza, mbinu hii isingefanya kazi: mwanga wa nguo nyekundu ungeacha weusi nyuma ya chembe za machungwa na kuziba rangi yenyewe. Ukigeuza, weusi unaondoka na rangi inapita. Wapenda picha wengi walifanya hatua zote wenyewe, na usafishaji wa pili ulifanyika mchana kweupe.

Sinema yaingia sebuleni

Mwaka 1923 Kodak ilileta filamu ya milimita 16 kwa ajili ya sinema za nyumbani. Hapa faida ilikuwa ya pesa. Sinema ya kawaida ilihitaji filamu mara mbili: ya negativu na ya nakala ya kuonyeshea. Filamu ya kugeuza ilihitaji moja tu. Tena picha yake ilikuwa laini, kwa sababu chembe kubwa, ambazo ndizo hunasa mwanga haraka, huondolewa mwanzoni na kuacha zile ndogo.

Gharama yake

Ila kuna bei. Slaidi haina negativu. Ikipotea au ikiungua, imekwenda. Benki tajiri Albert Kahn alituma wapiga picha duniani kati ya 1909 na 1931, wakarudi na Autochrome zipatazo 72,000. Kila kimoja ni kioo cha pekee.

Bei nyingine ni ya mwili. Dawa ya zamani, dikromati ya potasiamu, huweza kusababisha saratani. Pamanganeti ni nafuu, lakini hulainisha jelatini, hivyo filamu huchubuka kirahisi kama dawa ina joto. Na ukichanganya, mimina asidi kwenye maji, kamwe sio maji kwenye asidi: itachemka na kukurukia.

Kwa hiyo ukikuta boksi la slaidi za babu kabatini, usidhani negativu ziko mahali fulani. Huenda hazijawahi kuwepo. Ziskani mapema, na uziweke pakavu, mbali na jua.