Waliomaliza Kikuyu, na Njia Walizozishika



Katika mkutano mkuu uliopita, baada ya hesabu za mfuko wa karo kusomwa, mzee mmoja aliyeketi safu ya nyuma aliomba ruhusa ya kuuliza. Akasema, "Twawalipia watoto hawa mpaka wamalize. Je, wakiisha kumaliza, huwa wa nani?" Watu wengi walicheka, lakini Mwenyekiti hakucheka, na swali lile halikupata jibu siku hiyo. Kisha likatolewa pendekezo kwamba mfuko wa karo ufungwe, na fedha zake zitiwe katika mfuko wa mazishi, ambao faida yake huonekana na kila mtu. Jambo hilo litaamuliwa katika mkutano ujao. Halmashauri imetuagiza sisi tunaoshika kalamu tuandike habari kidogo za zamani, ili wanachama wapige kura hali wakijua mambo yalivyokuwa kwa waliotangulia.

Tumechagua shule moja tu, nayo ni Alliance High School ya Kikuyu. Hatukuichagua kwa kudharau nyingine, na waliosoma Maseno au Mang'u watuwie radhi. Tumeichagua kwa sababu habari za waliomaliza huko zajulikana na watu wengi, na msomaji akiona tumekosea aweza kutusahihisha.

Shule hiyo ilifunguliwa tarehe 1 Machi 1926. Jina lake latokana na ule muungano wa misheni za Kiprotestanti uliofanywa mwaka 1918, ambamo walikuwamo watu wa Kanisa la Scotland, wa C.M.S., wa Africa Inland Mission na wa Methodist. Misheni hizo hazikupatana katika kila jambo la ibada, lakini zilipatana kwamba hakuna hata moja yenye nguvu ya kuanzisha shule ya juu peke yake. Wanafunzi wa kwanza hawakufika thelathini. Mkuu wa shule alikuwa Bwana G. A. Grieves, aliyekaa mpaka 1940. Wakatoliki nao walikuwa wamekwisha kuanza yao huko Kabaa mwaka 1925, ambayo ilihamishiwa Mang'u mwaka 1940.

Siku zile za mwanzo kumaliza masomo hakukuwa jambo kubwa kama tulivyokuja kulijua sisi baadaye. Kijana alisoma miaka michache juu ya masomo ya shule ya msingi, akatoka, akawa mwalimu wa misheni au karani wa Serikali. Nafasi zilikuwa nyingi kuliko watu. Lakini nafasi hizo zote zilikuwa chini ya dari moja, na dari hilo lilijulikana. Hata ulipofika mwaka 1948, ile Tume ya Holmes iliyochunguza mishahara ilikubali kwamba Mwafrika alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu afanyaye kazi ya cheo kile kile. Mpango huo haukuondolewa mpaka Tume ya Lidbury ilipotoa maoni yake mwaka 1954. Basi mtu aliweza kuwa na elimu kamili na kushika kazi kamili, na mwisho wa mwezi akahesabiwa kuwa si mtu kamili. Sisi makarani twalielewa jambo hili bila kufafanuliwa, maana daftari za mishahara zilipitia mikononi mwetu.

Katika wanafunzi wa miaka ile ya kwanza alikuwamo Bwana Eliud Mathu. Alimaliza, akarudi kufundisha papo hapo Alliance, kisha akaenda Fort Hare huko Afrika Kusini, na baadaye Uingereza, katika chuo cha Balliol, Oxford. Mwezi wa Oktoba 1944 aliteuliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Mwezi ule ule kikaundwa chama cha kumsaidia, ambacho ndicho kilichokuja kuitwa Kenya African Union. Na mmoja wa wenyeviti wake alikuwa Bwana James Gichuru, naye pia mwanafunzi na mwalimu wa Alliance, aliyempisha Mzee Jomo Kenyatta kitini mwaka 1947. Kwa hiyo ye yote atakayesema kwamba misheni ilifundisha watu kutii tu, hana budi kutueleza watu hawa wawili walijifunza wapi.

Lakini si kila mhitimu aliyebaki chini ya mbawa za waliomlea. Bwana Peter Mbiyu Koinange alipita Alliance kwa muda mfupi, akaenda Marekani mwaka 1927, akasoma Hampton na vyuo vingine, akarudi 1938 na shahada zake. Mwaka uliofuata akafungua chuo cha kufundishia walimu huko Githunguri, kisichokuwa cha misheni wala cha Serikali, kwa fedha zilizochangwa na watu wenyewe. Wanachama wenye umri mkubwa wajua jinsi michango hiyo ilivyokuwa: mwenye shilingi alitoa shilingi, na mwenye mbuzi alitoa mbuzi. Ilipotangazwa Hali ya Hatari mwezi wa Oktoba 1952, chuo hicho kilifungwa pamoja na shule nyingi za namna ile. Hapo watoto wa shule hizo hawakupewa nafasi ya kumaliza cho chote.

Mwaka 1940 mkuu wa shule mpya aliwasili Kikuyu kutoka Maseno, alikokuwa tangu 1928. Huyu ni Bwana Edward Carey Francis, mwalimu wa hesabu aliyeacha kazi yake katika Chuo Kikuu cha Cambridge ili aje kufundisha Waafrika. Wapo waliompenda na wapo waliomlaumu kwa ukali wake, na mara nyingi walikuwa ni watu wale wale. Hakupenda siasa za wanafunzi wake, wala hakuficha. Katika miaka ya Hali ya Hatari aliipinga Mau Mau waziwazi, na kadhalika aliwaandikia wakubwa kuwashitaki askari waliowatendea watu maovu. Ni wachache walioyafanya mambo hayo mawili pamoja.

Wakati wake ndipo mtihani wa Cambridge ulipopata ile heshima ya kutisha tunayoikumbuka. Mtoto alianza kuchujwa mapema. Palikuwa na mtihani wa darasa la nne, kisha wa darasa la nane, na kila mmoja ulikuwa mlango mwembamba kuliko uliotangulia. Waliobaki mpaka kidato cha nne walikuwa kama punje zinazosalia katika ungo baada ya kupepetwa mara nyingi. Wakauandika mtihani, karatasi zikapelekwa Uingereza kusahihishwa, nao wakarudi vijijini kungoja. Muda ule wa kungoja haujaandikwa sana, nasi twataka kuukazia. Kijana hakuwa mwanafunzi tena, wala hakuwa mfanyakazi. Mama yake alijivuna mbele ya majirani, lakini nyumbani hakuna aliyejua ampe jembe au ampe kiti. Akifaulu vizuri, labda Makerere. Asipofaulu, basi karo yote iliyolipwa ilionekana na jamaa zake kama maji yaliyomwagwa mchangani, ingawa hesabu, lugha na adabu alizopata zilikuwa bado kichwani mwake.

Habari za kungoja huko zimeandikwa vizuri na Bwana Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, katika kitabu chake cha mwaka 2012 juu ya maisha yake ya shule. Aliingia Alliance mwaka 1955. Aliporudi nyumbani kwa likizo yake ya kwanza hakuukuta mji wao; nyumba zilikuwa zimebomolewa, na watu wamehamishiwa katika kijiji cha amri. Mtoto aliyevaa sare ya shule iliyo bora katika nchi alisimama akitafuta mahali palipokuwa mlango wa mama yake. Alimaliza mwishoni mwa 1958, akafaulu. Na mwaka 1959, akiwa amekwisha kupata nafasi ya Makerere, aliteremshwa katika basi na askari kwa neno la karatasi za kodi, akatiwa rumande na kupelekwa mahakamani kabla ya kuachiliwa. Cheti cha Cambridge hakikumkinga. Twamkumbusha jambo hili kila mzazi adhaniaye kwamba cheti ni ngao.

Hatuna budi pia kumtaja mtu asiyemaliza. Bwana Tom Mboya alisoma Mang'u, lakini hakuendelea mpaka cheti cha Cambridge kwa kukosa karo. Akaenda Jeanes School kujifunza kazi ya ukaguzi wa afya, akawa mkaguzi katika Baraza la Jiji la Nairobi, kisha kiongozi wa wafanyakazi. Ilipofika 1959, vijana waliokuwa na vyeti walikuwa wengi kuliko nafasi za masomo ya juu Afrika Mashariki. Ni huyu aliyekwama kwa karo ndiye aliyekwenda Marekani kuwatafutia wengine nafasi na fedha, akisaidiwa na watu kama Dakta Gikonyo Kiano, mhitimu wa Alliance. Mwezi wa Septemba mwaka huo vijana 81 walipanda ndege moja. Katika chama chetu wapo waliorudishwa nyumbani kwa shilingi chache, na wakiisikia habari hii hunyamaza kidogo.

Kwa wasichana mlango ulichelewa kufunguliwa. Wachache walisoma pamoja na wavulana, mpaka shule yao wenyewe ilipofunguliwa Kikuyu mwaka 1948, miaka ishirini na miwili baada ya ile ya ndugu zao. Hesabu hiyo ni fupi, na hatuoni la kuipambia.

Nchi ilipopata kujitawala mwaka 1963, katika mawaziri wa kwanza walionekana Bwana Oginga Odinga, Bwana Gichuru, Dakta Kiano, Dakta Njoroge Mungai, na Bwana Koinange, wote waliopita Alliance. Haikupita muda mrefu baadhi yao wakawa mahasimu wakubwa. Kusoma darasa moja hakukuwafanya wawe na nia moja. Na mwalimu wao? Bwana Carey Francis alikuwa amestaafu Alliance mwaka 1962. Hakurudi kwao kupumzika. Alihamia Pumwani, mtaa wa maskini hapa Nairobi, akafundisha katika shule ya huko akiwa mwalimu wa kawaida, chini ya mkuu mwingine, mpaka alipofariki mwaka 1966. Wanafunzi wake wa zamani walipita mjini katika motokaa zenye bendera, naye alikuwa akisahihisha madaftari.

Lakini mawaziri ni wachache, na mzee wetu hakuuliza habari za mawaziri. Katika waliomaliza shule za misheni, wengi hawakutajwa gazetini hata mara moja. Walikwenda kufundisha darasa la tatu mahali pasipo na barabara. Waliandika barua za wasiojua kuandika, wakawasomea majibu, wakatunza siri zilizomo. Walishika daftari za vyama vya ushirika na za kanisa, wakawa makatibu wa vyama kama hiki. Wengine, kwa kweli, walikwenda zao wasirudi, na kwa hao mzee ana haki ya kulalamika. Hatukuona njia ya kujua mapema ni mtoto gani atarudi na yupi hatarudi. Hata walimu waliokaa nao miaka minne hawakuweza.

Tunapoandika haya, majina manne yamo katika faili la mfuko wa karo, wasichana wawili na wavulana wawili, na mmoja wao amebakiza mwaka mmoja kumaliza. Mzee aliyeuliza swali ameomba kuyaona majina hayo kabla ya kura kupigwa, na Katibu amekubali. Mkutano utaanza saa nane alasiri, katika ukumbi ule ule.